Khanga ya marehemu mke wangu ilivyokwenda Halloween, Guangzhou

Wakuu, salamu kwenu. Mimi ni babu, shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie kwenye uandishi. Nitaeleza ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mbaya.

Mke wangu alifariki mwezi wa tatu, kwetu Tandika. Binti yetu Rehema, anayefanya biashara ya nguo hapa Guangzhou, akanileta nikae naye nisibaki peke yangu.

Kazi yangu hapa ni moja tu: kumpeleka mjukuu wangu Nasra, miaka mitano, chekechea na kumrudisha. Wazee wa Kichina nao kazi yao ni hiyo hiyo. Tunasalimiana getini kwa kichwa.

Sasa shule ikatangaza pati ya Halloween. Kila mtoto aje na mavazi ya kutisha, na mtu mzima wake naye avae.

Siku hiyo Rehema alikuwa na kontena la kupakia. Nisipoenda mimi, Nasra anabaki nyumbani.

Rehema akaja na sampuli aliyopewa Zhanxi, kwenye soko la nguo: shuka jeupe lenye matundu mawili ya macho. Mzimu. Nasra akalivaa, akaanza kunikimbiza sebuleni.

Nilimfokea mtoto. "Vua! Vua hicho kitu sasa hivi!"

"Baba, ni mchezo tu wa watoto," Rehema akasema.

"Mama yako alivikwa nyeupe. Sitaki kuiona humu ndani."

Nasra akaenda kulia chumbani. Nikamfuata. Akaniuliza bila kunitazama, "Babu, kwani mizimu ya Tanzania inavaa nini?"

Nikakumbuka sanduku langu. Nilikuwa na doti ya khanga ya mke wangu, chini kabisa ya sanduku, sijaifungua tangu nije. Maandishi yake siyaweki hapa. Ni yetu wawili.

Nikaamua.

Nilikata doti katikati, nikatoboa macho kwenye kipande cha Nasra, mbali na maandishi, nikapiga pindo kwa sindano ya mkono ili pasichanike.

Nasra akavaa, kisha akanirushia kipande cha pili. "Hiki chako. Au unaogopa, babu mwoga?"

"Mwoga nani? Lete huo mkasi."

(Kuhusu dini, najua mtasema. Mimi ni Mwislamu, na sikumuuliza shehe yeyote kwa sababu niliogopa atanikataza. Huo ndio ukweli.)

Tukaenda, mizimu miwili ya khanga nyekundu. Jamaa mmoja wa mizigo alisimamisha mkokoteni wake atupige picha.

Shuleni bibi mmoja wa Kichina, amevaa kofia ndefu ya kichawi, akashika pindo la khanga yangu, akalisugua kwa vidole kama mteja sokoni. "Piaoliang," akasema. Nzuri. Halafu akauliza kitu. Mkalimani wangu ni Nasra.

"Anauliza umenunua wapi."

"Mwambie haiuzwi. Ni ya bibi yako."

Wakaongea. Nasra akanigeukia, nikayaona macho yake kwenye yale matundu. "Anauliza bibi yuko wapi."

Wakuu, tangu nifike China, kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba mke wangu yuko nyumbani. Hata msikitini nilijibu hivyo.

"Mwambie amefariki."

Nasra akamwambia. Yule bibi akampa Nasra pipi, kisha akanitilia mbili kiganjani.

"Moja yako," Nasra akasema. "Nyingine ya bibi."

Yangu niliila palepale. Chachu kuliko ukwaju! Uso ulinikunjika, na chini ya khanga hakuna aliyeniona. Nikacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba.

Ya mke wangu nimeifunga kwenye ncha ya khanga, kama alivyokuwa akifunga vitu vyake.

Nilichojifunza: nilidhani kuifungia khanga sandukuni ni kumheshimu. Kumbe nilikuwa namficha. Mwakani, Mungu akinipa uzima, tunavaa tena.

Mliofiwa, nguo za marehemu wenu mmezifanyaje? Na wanaoona nimekosea, andikeni tu. Nitasoma zote.