Mwanza Ni Hapo Tu

Sikulazimishi uamini, ila haya yalinikuta mwenyewe, mchana kweupe, na akili zangu timamu. Pombe siijui.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia na wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa Bariadi. Mimi nilitunza ghala la mmoja wao. Asubuhi moja dada yangu akapiga simu ofisini kutoka Mwanza. Baba alikuwa anapelekwa Dar es Salaam kwa ndege, akapasuliwe uvimbe tumboni. Ndege inaondoka alasiri, na mzee amegoma: hapandi kabla hajamwona mwanawe wa kwanza. Ndiyo mimi huyo. Daktari alishasema akichelewa tena, basi.

Sasa tazama maajabu. Mwanza hadi Dar, upande wa pili wa nchi, ndege inakwenda kama saa moja na nusu. Bariadi hadi Mwanza ni majirani, lakini kwa mvua zile ungeweza kushinda na kulala njiani. Nikadandia lori la mbegu za pamba. Kabla ya kufika Lamadi likazama kwenye tope la mbuga. Dereva akazima injini, akajilaza.

Nikashika njia kwa miguu, machozi yananilengalenga. Mbele nikamkuta bibi anapepeta mtama kando ya barabara, macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Nikamwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu. Mwanza ni mbali kutoka hapa?"

Akachongoa mdomo kuelekea upande wa ziwa. "Hapo tu."

Nani kwetu asiyeijua hiyo "hapo tu"? Ukiambiwa hivyo, jua litakuchwa unatembea. Nikacheka kwa uchungu, nikamweleza habari za baba. Yeye hakucheka. Akamwaga mtama kwenye kitenge, akaninyooshea ungo.

"Shika ukingo, mwanangu. Fumba macho."

Niamini, sikuhisi upepo wala kupaa. Nilisikia harufu ya pumba tu, halafu mngurumo wa injini. Kufumbua macho, niko kwenye uzio wa uwanja wa ndege wa Mwanza, na dada yangu ananikimbilia.

Akanivuta ndani, kwa baba. Baba akaitazama miguu yangu. Tope jeusi la mbuga lilikuwa bado bichi, linadondoka sakafuni.

"Umeletwa," akasema polepole. "Usimtaje."

Akaniwekea mkono kichwani, akanibariki, akapanda ndege bila kushikwa mkono.

Alipasuliwa, akapona, akaishi kuwaona wajukuu. Wanangu huisifia ile ndege. Mimi namsifu yule bibi, moyoni, kila siku. Hakunijua, hakungoja hata ahsante. Dereva wa lori alipofika Mwanza kesho yake na kuniuliza nilipitia wapi, nikamwambia nilipata lifti.

Tangu hapo, nikimwona bibi yeyote mwenye macho mekundu nashuka kwenye baiskeli namwamkia. Si unajua walivyofanyiwa kwetu? Mapanga, eti wachawi, kwa sababu ya moshi wa kupikia watoto wao.

Kwa hiyo nakuonya. Ukikutana naye, msalimie, pokea msaada, funga mdomo. Na usinihoji ni kijiji gani. Wengi wameniuliza, wengine kwa nia ninayoijua. Wote nawachongolea mdomo, leo kusini, kesho kaskazini, nawaambia ni hapo tu.