Nani Alikuwa Akimkama Zafarani

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, hapa mjini mtaa wa Malindi, amejifungua. Kila asubuhi harufu ya majani ya kivumbasi yanayochemshwa kwa ajili ya kumkanda hupanda ngazi zetu za mbao, hupenya chini ya mlango na kunikuta mezani ninapoandika. Mimi huweka kalamu chini. Harufu hiyo hainipeleki kwa mzazi na kichanga chake. Hunipeleka kwenye banda la ng'ombe, kijijini kwetu Mwera, mwaka nilioanza darasa la kwanza.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, Zafarani, aliyeitwa hivyo kwa rangi yake. Alikuwa na maringo ya bibi harusi, na hakukubali kukamwa na mtu isipokuwa mama. Mama alikuwa akiegemeza kipaji chake cha uso ubavuni mwa ng'ombe na kumnong'oneza maneno matamu ambayo sisi wanawe hatukuwahi kuambiwa, na maziwa yakishuka yenyewe. Kisha baba aliyafunga kwenye vespa na kuyapeleka mjini kwa wauza chai.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito. Alipopelekwa hospitali, kazi ya kukama ikamwangukia baba, na Zafarani akampiga teke kabla hajakaa. Bibi, mama yake mama, akamshauri ajitande kanga ya mama, ng'ombe asikie harufu anayoijua. Baba akajitanda, akaingia bandani akiona haya kama mwari. Jirani yetu, Mzee Makame, akachungulia juu ya ua na kupiga kelele, "Ee yakhe! Bi Rukia leo kaota ndevu!" Baba mwenyewe alicheka. Baada ya hapo sikumsikia tena akicheka kwa muda mrefu.

Mtoto alizaliwa, akapumua kidogo tu. Alipewa jina na kuzikwa siku hiyohiyo. Sikumwona.

Baba aliporudi makaburini hakula wala hakuketi na waliokuja kumpa pole. Saa ya kukama ilikuwa imepita na Zafarani alikuwa akilia. Baba akajitanda ile kanga juu ya kanzu yake, akaenda bandani. Mzee Makame alikuwa palepale kwenye ua, na safari hii alitazama chini. Ng'ombe aliyazuia maziwa. Baba alikama kilichotoka, akainuka. Ikawa hivyo siku zote ambazo mama alikuwa amelala ndani: asubuhi nusu ya maziwa, jioni nusu, mengine yakibaki kiweleni.

Kwa desturi yetu mama hakutakiwa kuvuka kizingiti mpaka arubaini yake imalizike, hata kama hakuwa na mtoto wa kumnyonyesha. Maziwa yalimjaa hata hivyo. Bibi alimkanda kwa maji ya moto ya kivumbasi, akamfunga kifua kwa kanga, nami nikiwa nje ya pazia nilimsikia mama akizuia kilio kwa meno.

Asubuhi moja akainua kichwa. "Zafarani analia vibaya."

"Na wewe ushawahi kumsikia ng'ombe analia vizuri?" Bibi alisema. "Hebu lala."

Mama alivaa buibui lake akatoka kwa mlango wa uani, Bibi nyuma yake: "Rukia! Utaingiwa na upepo, mwanangu! Rukia!"

Niliwafuata bandani. Mama alipogusa upande mmoja wa nyuma wa kiwele, Zafarani alijikunja na kurusha mguu. Upande ule ulikuwa umevimba, mwekundu, wa moto kama chungu kilichotoka jikoni. Mama hakutafuta chombo. Alikamia matone machache kwenye mkono wa buibui lake, na juu ya kitambaa kile cheusi tukaona wazi: maji ya manjano yenye mabonge meupe, kama tui lililokatika.

Baba alikuwa amesimama mlangoni pa banda. "Tumuuze kwa mchinjaji kabla hajafa," alisema. "Simtaki hapa, Mama Salma. Aende."

Nilimchukia baba siku ile. Nilimwona mtu mgumu, asiye na huruma kwa kiumbe aliyetulisha.

"Mpigie daktari simu," mama alijibu.

Daktari wa mifugo alikuja kwa bodaboda, kijana mpole aliyenawa mikono kabla na baada ya kila alichogusa. Alisema ni ugonjwa wa kiwele, na kwamba maziwa yakibaki ndani ugonjwa hupata pa kukaa. Akatuonyesha namna ya kuukanda ule upande kwa kitambaa cha maji ya moto, kuukamua mara kwa mara baada ya zile pande zisizougua, kuisafisha chuchu, kisha kuipitisha dawa kwenye tundu lake kwa kijibomba chembamba. Maziwa yote yamwagwe shimoni mpaka dawa imtoke ng'ombe mwilini.

"Hata paka asipewe?" Bibi aliuliza.

"Hata paka, bibi."

Halafu, akifunga mkoba wake, akauliza, "Nani alikuwa akimkama siku hizi?"

Baba akafungua mdomo.

"Mimi," mama alisema.

Nilishtuka. Chuoni tulikosoma Kurani, mwalimu alikuwa ametufundisha juu ya waongo na moto unaowangoja. "Mama, si ulikuwa umelala nda..." Bibi akanifinya bega mpaka nikameza maneno.

Daktari alimtazama mama, akautazama uso wa baba, akainamisha kichwa. "Basi mkamue mpaka tone la mwisho, Bi Rukia," alisema polepole.

Alipoondoka, baba alibaki amesimama. "Kwa nini umesema ni wewe?"

Mama alikuwa ameshachutama na kitambaa mkononi. "Maji yanapoa, Baba Salma. Njoo ushike."

Baba akapiga magoti karibu naye.

Upande ule haukurudi. Ulikauka, ukabaki mgumu kama embe bichi, na Zafarani akaendelea kukamwa chuchu tatu. Hakuna aliyetaja tena kumuuza. Kifua cha mama nacho kilikauka. Jina la mtoto halikutamkwa mbele yangu. Mimi, kwa miaka mingi, nilimwombea mama kwa siri kila nilipomaliza kusali, asije akachomwa kwa uongo ule mmoja.

Nilikuwa mtu mzima nilipohudhuria msiba wa kichanga na kuona kuwa kitoto kama kile hakiwekwi kwenye jeneza. Baba yake humbeba mikononi mpaka kaburini. Ndipo nilipomwona baba yangu. Mikono iliyomlaza mwanawe mchangani ndiyo iliyokwenda moja kwa moja kwenye chuchu za Zafarani. Ugumu ulionifanya nimchukie ulikuwa ni hofu tu, hofu ya kuamka kila siku na kukutana bandani na kitu kingine alichoshindwa kukiokoa. Mama alikuwa ameliona hilo tangu matone yalipoanguka kwenye buibui lake. Kosa la mtoto, alilojitwika baba, hakuweza kumpunguzia. La ng'ombe aliliweza, akalichukua yeye.