Taa Nyekundu ya Bawabu

Ofisini wanamwita Bawabu, kwa kuwa ndiye aliyeweka ukaguzi wa kompyuta unaopima msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wa kila mtu kabla haujaingia kwenye programu ya wote. Msimbo ukikataliwa, taa nyekundu huwaka kwenye skrini, na wenzake humgeukia yeye. Hana haraka. Atapangusa miwani kwa pindo la shati, atasoma ripoti kuanzia chini kwenda juu, kidole kikiacha michirizi kwenye kioo, huku akiinong'oneza mashine, "Haya mama, sema unaumwa wapi."

Zamani hakuwa hivyo. Zamani alipaza sauti palepale kitini: "Mashine haisemi uongo! Rudi ukaangalie kazi yako." Ndivyo alivyomjibu dada wa dawati la dirishani, aliyeandika sehemu ya programu inayohesabu tarehe, mara tatu kwa siku moja. "Kaka, nimeangalia, kosa silioni," dada wa watu alisema, na wenzake wakacheka. Mwisho wa mwezi dada akaacha kazi. Wiki mbili baadaye, akitafuta jambo jingine kabisa, Bawabu aligundua kwamba saa ya kompyuta ya ukaguzi ilikuwa nyuma kwa siku moja nzima. Akairekebisha, kisha akaupitisha tena ule msimbo wa dada bila kugusa hata herufi. Taa zote zikawaka kijani. Akageukia dirishani, neno liko mdomoni tayari: "Dada, imepita." Kwenye kiti cha dada walikuwa wameshaweka maboksi ya karatasi.