Gari la Kumfikisha Mama Bungu

Niliposema nataka kununua gari, walimu wenzangu hapa Lushoto walidhani nimeanza maringo. Sababu ilikuwa magoti ya mama. Tangu alipoanguka na bodaboda karibu na kwake Mgwashi hataki hata kuisikia pikipiki, na ngazi za basi zimemshinda. Dada yake wa pekee yuko Bungu, huku huku milimani, anaumwa, na mama alikuwa ameanza kumzungumzia kana kwamba wameshaagana. Hilo liliniuma sana. Nikataka gari dogo, lililotumika, lisilo na makuu, la kumfikisha Bungu.

Leseni ninayo ingawa sikuwahi kumiliki hata baiskeli, na udadisi ninao wa kutosha kugawia kijiji kizima. Gari la kwanza lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa mjini. Nilifika asubuhi na mapema, baridi yetu ile ya kung'ata masikio, magari yote ya jirani yameloa umande, la kwake tu boneti kavu. Nikaigusa, ya moto. Nikamuuliza katoka wapi nalo, akasema hajatoka popote. Basi nilipokaribishwa chai nikakubali, nikaomba na kikombe cha pili, nikauliza habari za watoto, za wakwe, za bei ya karoti, mpaka injini ikapoa. Alipoliwasha lilikohoa, likazima, likagoma kabisa. Nikashukuru kwa chai na kuondoka, nikicheka peke yangu njiani.

La pili lilikuwa la muuguzi mstaafu, mama mmoja anayeishi njia ya Irente. Hili lililala nje na umande wake na likawaka mara moja. Hapo ndipo hamu ya kujua ilinizidi. Nililala chini kutazama kama linavuja oili. Nilinusa moshi wake, nikauliza kwa nini tairi moja imelika kuliko nyingine na nani alilifunga bampa kwa waya. Tukateremka nalo hadi Soni kwa gia ya pili, nikitega sikio kwenye breki, tukapanda tena bila injini kuchemka. Muuguzi akaniuliza kama nanunua gari au naposa. Hata hivyo alikubali twende nalo Mgwashi kabla sijalipa, yeye akikaa kiti cha nyuma.

Mama alitoka na fimbo yake, amejifunga kitenge cha kanisani. Nikaanza kumweleza habari za injini na moshi, lakini hakuwa akinisikiliza. Alifungua mlango, akashika paa, akaanza kujishusha, akakwama katikati. Kiti kilikuwa chini mno, magoti yakakataa. Ilibidi tumshike kwapani kumwinua. Nilijiona mjinga wa mwisho, maana nilikuwa nimelichunguza gari lote na sikuwahi kujiuliza mama ataliingiaje. Machozi yalinijia nikageukia upande mwingine asinione.

Mama hakuwa na habari na machozi yangu. Alikuwa anautazama uwanja wake, ambao umeinama kuelekea kwenye migomba kama viwanja vyote vya kwetu. Akaniambia niligeuze gari, mlango wake uwe upande wa bondeni. Sikuelewa ana maana gani, lakini nililigeuza na kuvuta breki ya mkono, na muuguzi akaweka jiwe kwenye tairi. Mama akazunguka taratibu, akasimama upande wa chini. Pale aliposimama, kiti kilimfika karibu na kiuno. Akakiegemea, akaketi, akaingiza mguu mmoja, akapumzika kidogo, akaingiza wa pili.

Muuguzi alicheka kwa furaha. Mimi bado nilikuwa na swali.

"Mama, hapa kwako sawa. Huko tuendako utashukaje?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la ajabu.

"Kwani Bungu kuna tambarare?" akasema, akavuta mlango.