Mabati ya Chekechea

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali karibu na Posta, na shangazi yangu alikuwa akikaanga samaki kwenye soko la Feri. Yeye na wanawake wenzake wa mtaa wetu, Kariakoo, walikuwa wameanzisha chekechea kwenye banda la uani, ili wanaowahi sokoni wapate pa kuwaacha watoto. Mimi walinifanya katibu wa chama chao kwa kuwa nilijua kupiga chapa.

Masika moja paa likaoza kabisa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa pili akakubali kutupatia mabati ya banda zima, kwa sharti kwamba tumletee barua ya idara ya kodi inayotutambua kuwa chama cha hisani. Kwa barua hiyo, thamani ya mabati ingeondolewa kwenye mapato anayotozwa kodi. Shangazi hakuona ubaya. Alisema mtu akitoa mali yake kwa ajili ya watoto wa watu, serikali isimkamue tena kwa mali hiyohiyo.

Ofisa wa kodi aliyetupokea alikuwa mdogo kwangu, na shangazi hakumwamkia. Ofisa alisoma katiba yetu, kurasa mbili, akatuambia hisani ni mambo ya mabepari, nchi inajitegemea. Shangazi akamjibu kuwa na sisi tunajitegemea, ndiyo maana hatukuja kumwomba yeye mabati. Hapo akabadili maneno. Chama chetu, alisema, kinanufaisha wanachama wake tu, na chama cha namna hiyo hakitambuliwi. Halafu akatuonyesha njia ya mkato: tumfuate mkubwa mmoja awe mlezi wetu, barua itatoka wiki hiyohiyo.

Tulipotoka nilimsihi shangazi tukubali. Mvua ilikuwa inanyesha, na watoto walikuwa wanalowa.

"Mkubwa akishaingia, banda ni lake," alisema. "Tutakuwa tunamwomba ufunguo. Mimi siendi."

Tukarudi kwa ofisa Jumatatu iliyofuata, na ile ya baadaye. Shangazi alikaa kwenye benchi la wageni na khanga zake zinazonuka mafuta ya samaki, watu wakawa wanasogea, yeye hasogei. Habari zikamfikia mkuu wangu wa kazi. Aliniita, akaniambia kwa upole kuwa mtumishi wa serikali hashindani na serikali, basi nichague. Nilitoka mle. Nikakaa kwenye mashine yangu, nikamwandikia yule ofisa barua: ama aje aone kwa macho yake, ama atuandikie kwamba ametukataa, aweke na sahihi.

Alikuja, asubuhi, amekunja uso. Akasimama mlangoni, akamzuia mwanamke mwenye tenga la muhogo kichwani aliyekuwa anamwingiza mwanawe, akamuuliza amekuwa mwanachama tangu lini.

"Chama gani, ndugu?" mwanamke akauliza. "Mimi nimetoka Lindi, nina wiki tatu hapa mjini. Niliambiwa hapa mtoto wa mtu hafukuzwi."

Akamuuliza wa pili, na wa tatu. Hakuna aliyekijua chama. Akaingia ndani, akatazama ndoo zilizokinga maji katikati ya watoto, akaandika kwa muda mrefu, akaondoka bila kuaga.

Barua ilitoka mvua zikiwa zimekwisha. Ilitutambua kwa jina letu wenyewe, bila mlezi. Mwenye duka hakutuzungusha. Mabati yalifika kwa mkokoteni siku ya pili yake.

Mwezi huohuo nikapewa uhamisho wa kwenda bara, mbali, bila sababu. Nilijibu kwa barua ya kuacha kazi, nikaipiga kwa mashine yao na kwenye karatasi yao. Shangazi aliponiuliza kama najuta, nilimwambia naogopa, lakini sijuti. Akasema basi kesho niwahi kufungua banda, maana watoto wameongezeka na mwalimu ni mmoja.