Leso Tuliyomfunga Mathe

Roboti wa kwanza kuletwa kupanga kreti kwenye godauni la sabuni nilikofanya kibarua, kule Industrial Area, alikuwa mrefu, mabega mapana, kiuno chembamba. Tulimbandika jina Karao, maana alisimama kama polisi anayetaka kitambulisho. Akinyoosha mkono, sisi kina mama tunaruka kando. Kazi ikazorota, supavaiza akatutukana mpaka akachoka, kisha Karao akaondolewa.

Baadaye akaletwa mwingine. Wee! Mfupi, mabega yameshuka, nyonga pana, tumbo limejitokeza kidogo kama la mama aliyezaa watano. Uso hakuwa nao wa maana, lakini nani aliangalia uso? Siku hiyo hiyo tukamwita Mathe.

Aliyempenda zaidi ni jirani yangu wa mtaani Mowlem, mama mcheshi kutoka Vihiga, mjane. Jioni alisuka watu nywele, na mikono hiyo ndiyo iliwalisha watoto wake. Akichoka alikuwa anamwegemea Mathe kabisa. Asubuhi moja akamwambia, "Mathe, kwani utasimama uchi hivi mbele ya wanaume?" Akavua leso yake, akamfunga kiunoni, kama tunavyomsitiri mwenzetu nguo ikimpasukia kazini. Tulicheka mpaka machozi. Supavaiza aliona, naye akacheka.

Kabla ya chai, jirani yangu aliinama miguuni pa Mathe kuokota sabuni zilizomwagika. Hata hakuangalia juu. Kwa Karao asingeinama hivyo, ng'o! Mathe akashusha kreti ya chuma juu ya mkono wake wa kulia, akaendelea kukandamiza. Alilia, "Mathe! Mathe!" kama mtoto anayemsihi mamake aache kumchapa.

Supavaiza alipofika, kwanza alikagua vidole vya roboti. Fundi wa roboti aliyekuja naye akainua leso, akatuonyesha kamera iliyokuwa tumboni, ile ya kuona aliye chini.

"Nani ameiziba?" akauliza.

"Na nani alituambia iko hapo?" nikamfokea.

Fundi akaanza kupangusa damu kwenye chuma. "Mashine ni ile ile ya kwanza," akasema. "Tulibadilisha ganda tu, kwa sababu mlikuwa mnaiogopa."

Washenzi! Wakamfichia unyama wake, wakamvika nyonga za mama, nasi tukaingia mzima mzima.

Mkono ulikatwa. Wakubwa wakasema kamera aliiziba mwenyewe, kwa hivyo halipwi fidia. Leso wakanipa nimpelekee nyumbani, imefuliwa, imekunjwa vizuri. Akajaribu kuizungusha kiunoni kwa mkono uliobaki, ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka.

"Usimlaumu Mathe," akaniambia. "Hakuniona."

Aki nilitaka kumzaba kofi. Nikapiga magoti, nikamfunga ile leso. Nikiwa bado chini, mteja akabisha hodi, kitana mkononi, amekuja kusukwa.