Tulivyofungua hoteli ya watoto Musoma enzi za kukosa sukari, hadi tukafika Bunda na Butiama

Wakuu wa humu, wakubwa shikamooni, vijana shikamoo zenu nazipokea mapema.

Mimi ni bibi wa Makoko, Musoma. Mjukuu alinifungulia akaunti akidhani nitasoma mapishi. Kumbe nasoma nyuzi zenu za biashara, leo naweka na mimi yangu.

Hii sio chai ya kutunga. Chai nimeuza ya kutosha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mume wangu, Baba Asha, alikuwa fundi seremala pale mjini. Mimi nilikuwaga nakaanga samaki nyumbani na kuuza.

Idi moja tukavaa vizuri, tukachukua watoto wetu watatu, tukaenda kula hotelini.

Mnielewe, enzi hizo hoteli ni ya wanaume. Dereva, karani, msafiri. Mama na watoto wanakulaga nyumbani.

Hatujakaa sana, mdogo akamwaga mchuzi. Mwenye hoteli akaja. "Mama, hawa wangekula nje. Wateja wangu wanataka utulivu."

Baba Asha akainuka. Akambeba mtoto, tukatoka na njaa yetu na nguo za Idi.

Njiani akasema, "Nitawatengenezea ya kwao."

Nilidhani ni hasira tu. Kesho yake nikasikia randa uani.

Alitengeneza bembea ya kuzunguka. Viti vinne vya mbao, katikati beringi ya lori bovu, rangi nyekundu na bluu. Akaweka mabenchi mafupi ya watoto na marefu ya wazazi.

Tukafungua hapohapo nyumbani, na sheria ilikuwa moja: ukimaliza sahani, unapanda bembea.

Wakuu, samaki waliliwa! Watoto waliokataa mboga kwao, kwangu walikuwa wanaramba sahani. Tuliandika jina zuri ukutani, hakuna aliyelitumia. Watu walisema tu "twende Kwa Bembea."

Sasa njooni kwenye shida.

Wenye umri wangu wanakumbuka. Sukari hakuna, ngano hakuna, mchele wa kubahatisha, foleni ya duka la ushirika tangu alfajiri. Soda unaiona harusini. Unaendeshaje hoteli?

Tulipika kilichokuwepo. Samaki wa ziwani, sato na furu wa kukaanga, viazi vitamu, ugali wa muhogo. Na togwa ya mtama, ambayo utamu wake unatokana na kimea, yaani nafaka uliyoiotesha ukaikausha na kuisaga. Haihitaji hata kijiko cha sukari.

Hiyo togwa ilituponza. Uvumi ukaenea kwamba tumeficha magunia ya sukari. Na miaka ile, kuitwa mlanguzi haikuwa utani, watu walikuwa wanafungwa.

Jumapili moja wakaja wakaguzi wawili. Wakapekua chini ya vitanda, kwenye mapipa, hadi ndani ya viti vya bembea. Baba Asha kasimama mlangoni kakunja mikono, watoto wanazunguka na bembea wanapiga kelele.

Yule mkubwa wao akaomba kuonja. Akanywa kikombe kizima.

"Mama, hapa hakuna sukari kabisa?"

"Hakuna, baba. Ni kimea. Nikuoneshe?"

Nikamwonesha. Akaandika kitu kwenye karatasi, wakaondoka.

Jumapili iliyofuata alirudi. Safari hii na mke na watoto watano! Wa mwisho alilia alipoteremshwa kwenye bembea.

Biashara ilipoachiwa huru na bidhaa zikaanza kuonekana madukani, tukasema tutanuke. Tukafungua Bunda karibu na stendi, akaisimamia wifi yangu Zainabu, dada wa Baba Asha. Msimu wa pamba familia zinashuka zimevaa nguo mpya, zinakula, zinacheka. Raha tupu.

Tukafungua na Butiama. Huko, wakuu, tulipigwa chini kiungwana kabisa.

Watu wa Butiama wanakula kwao, wanashiba, halafu wanaleta watoto kubembea. Wanatusalimia vizuri, wanatuulizia na wazazi, wanaenda zao. Sufuria zimejaa! Kuna mama alituletea hata maziwa, akatuonea huruma kwamba tunapika sana.

Tukafunga hoteli. Baba Asha alienda kung'oa bembea, akakuta watoto wamepanga mstari. Akarudi Musoma mikono mitupu. "Imekataa kung'oka," akaniambia. Nilicheka hadi machozi. Tuliwaachia.

Pigo la kweli lilikuwa Bunda. Ng'ambo ya barabara kukafunguliwa banda la video, spika nje, ngumi na risasi mchana kutwa. Familia zikapungua. Zainabu naye akanunua video.

Baba Asha alikasirika. "Umegeuza sehemu ya watoto kuwa uwanja wa vita!"

"Kaka, wewe uko Musoma. Mimi ndiye ninayetazama mabenchi matupu."

Walinuniana miezi. Nilikuwa katikati, na ukweli kila mmoja alikuwa na haki yake.

Tukaenda Bunda Jumapili moja kuamua kama tufunge. Ukumbi umejaa, video inaendelea, watoto wengine wamejificha nyuma ya mama zao kwa hofu. Mara umeme ukakatika.

Kelele! Watu wanataka kuondoka. Kulikuwa na mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe, anasubiri basi na litungu lake, ile ala ya nyuzi ya Wakurya. Zainabu akamwendea, "Baba, tusaidie hata kidogo."

Mzee akapiga. Akina mama wakaanza kutikisa mabega wamekaa, kisha wakasimama. Baba Asha, mtu asiyechezaga hata harusini, akamvuta dada yake katikati. Wakacheza wote wawili jasho linawatoka. Basi la mzee likapita, hakuna aliyeliona, hata yeye mwenyewe.

Umeme uliporudi, hakuna aliyeuliza habari ya video. Zainabu akaiuza. Kila Jumapili ikawa litungu, na Bunda ikasimama miaka mingi.

Somo? Nilidhani tunauza chakula na bembea. Siku moja mama mmoja kutoka Suguti alimaliza kula, akakaa tu anatazama wanawe. Nikamuuliza kama anahitaji kitu.

Akasema, "Hapana. Tangu niolewe, leo ndiyo nimeletewa sahani nikiwa nimekaa. Niache nikae kidogo."

Nikamwongezea togwa, nikakaa naye.

Haya wakuu, ni nani kati yenu aliwahi kumpeleka mama yake kula mahali akahudumiwa? Alisemaje? Nasoma zote, miwani ninayo.